Nyumba Iliyohamwa Ingali Imejaa

Mafundi wa kompyuta hapa Kampala, wakishamaliza kazi, humwambia mteja, "Mfumo nimekuhamishia." Kitenzi hicho tumekwisha kukichambua darasani: hama, hamia, hamisha, hamishia. Mtu akihama nyumba huondoka na godoro, masufuria na watoto, na nyuma yake hubaki vyumba vitupu, labda na kalenda ya mwaka uliopita ukutani. Mfumo endeshi wa kompyuta hauhami hivyo. Ukihamishwa kutoka diski ngumu kwenda diski ya SSD, hunakiliwa. Na diski ya zamani, hata baada ya kuchomolewa na kuwekwa mezani, hubaki na kila kitu ilichokuwa nacho asubuhi ya siku ile: barua, picha, orodha za majina, nywila zilizohifadhiwa ili mtu asisumbuke kuziandika tena. Nyumba imehamwa, lakini ingali imejaa.

Nawaandikia haya kwa sababu darasa letu la jioni la Makindye limehamisha mfumo wa kompyuta yake, na kazi ambayo fundi aliikadiria kuwa ya alasiri moja ilituchukua wiki tatu. Hakuna kilichoharibika. Wiki hizo zilipotea, kama wasemavyo baadhi ya wanakamati, au zilitumika, kama nisemavyo mimi, katika kujibu swali moja: yaliyomo ndani ya diski ni mali ya nani?

Kompyuta yetu ni ya mezani, ya mtumba, nasi tunayo tangu mwaka 2016. Ndani yake mlikuwa na diski ngumu ya GB 500. Diski ya aina hiyo ni mashine kwelikweli. Ina sahani zilizopakwa utando wa sumaku, zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea unaokwenda huku na huko juu ya sahani hizo bila kuzigusa. Kompyuta ikitaka faili, mkono husogea hadi kwenye njia yake, kisha husubiri sahani izunguke mpaka mahali panapotakiwa pafike chini ya kichwa. Kusubiri huko ni kwa milisekunde chache tu, nanyi mtasema si kitu. Lakini mfumo endeshi unapoamka husoma mafaili mengi madogomadogo yaliyotawanyika kila pembe ya diski, na milisekunde hizo hujumlishwa. Kwetu zilijumlishwa hadi dakika nne. Darasa linaanza saa kumi na mbili jioni. Watu wametoka kazini, wengine wameacha vibanda vyao sokoni chini ya uangalizi wa jirani, na wote wanatazama kiduara kikizunguka kwenye kioo.

Wazo la sahani zinazozunguka lina umri wa mzee mwenye wajukuu. Kampuni ya IBM ilitoa diski ya kwanza mwaka 1956: kabati kubwa lenye sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24, na zote pamoja zilibeba herufi zipatazo milioni 5, nafasi ambayo leo hujazwa na picha moja au mbili za simu. SSD haina sahani wala mkono. Huhifadhi taarifa kwa chaji za umeme zilizonaswa katika vijumba vidogo mno vya silikoni, teknolojia iliyobuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa akifanya kazi Toshiba katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka, hakuna kinachosubiriwa. Ndiyo maana kompyuta kuukuu ikibadilishiwa diski tu, bila kuguswa kitu kingine, huonekana kama imenunuliwa jana. Kwa vikundi kama chetu, visivyoweza kununua kompyuta mpya, sijui shilingi inayotumika vizuri kuliko hiyo.

Fundi wetu ni kijana hodari mwenye kibanda katikati ya jiji. Alitutajia bei ya SSD ya GB 240, kazi ikiwamo: shilingi laki moja na elfu thelathini. Kisha akaongeza, kwa upole wa mtu anayetoa msaada:

"Lakini Mwalimu, mkiniachia ile ya zamani, nipeni elfu themanini tu. Bado ni nzima, nitampatia mteja mwingine."

Katika darasa ambalo kila mwanafunzi huchanga elfu mbili kwa wiki, elfu hamsini si fedha ya kudharau. Mwekahazina wetu alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni.

"Na yaliyomo?" nikamwuliza fundi.

"Nitaifomati, ssebo. Ni dakika moja."

Ufupi wa dakika hiyo ndio unaopaswa kututia mashaka. Chukueni kitabu kikubwa, mkachane ukurasa ulioorodhesha sura zake. Mtu akikifungua hataona orodha, lakini sura zote zimo, na mwenye subira atazisoma. Kufomati kwa haraka ni kuchana ukurasa huo. Hata kufuta faili moja kwa njia ya kawaida ni jambo la namna hiyo: mfumo huondoa anwani ya faili na kutangaza kwamba nafasi ile i wazi, mpaka faili jingine lije kukaa pale, maneno yako yangali pale pale. Programu za kuyafufua zipo, nyingine za bure, na kijana yeyote wa shule ya sekondari aweza kuzitumia baada ya nusu saa ya kujaribujaribu.

Tulikutana Jumapili, wanakamati watano, kwenye benchi nje ya ukumbi. Mwekahazina alisema maneno ambayo sitayabeza, kwa kuwa wengi wenu mngesema yayo hayo. Sisi si benki, alisema, wala si hospitali. Nani atakayejisumbua kufufua orodha ya watu wanaojifunza ngeli za Kiswahili? Na wakati tunajadiliana, ukumbi unadai kodi.

Aliyemjibu alikuwa katibu wetu, ambaye sisi sote humwita Nnaalongo, kwa heshima ya pacha aliowazaa. Yeye si mwepesi wa kusema mikutanoni. "Mmesahau ile orodha ya mishahara?" aliuliza.

Hatukuwa tumesahau, ila hatukuwa tumeikumbuka. Tulipoinunua kompyuta ile mwaka 2016 ilikuwa imetoka katika ofisi fulani, na muuzaji alituhakikishia kwamba imesafishwa. Wiki ya pili, mmoja wa wanafunzi wetu wa wakati huo, aliyekuwa akitafuta picha yake aliyoifuta kwa bahati mbaya, aliendesha programu ya kufufua mafaili. Picha yake aliipata. Alipata pia jedwali lenye majina ya watu tusiowajua, mishahara yao, mikopo waliyokatwa, na katika safu ya mwisho, sababu za kukosa kazini: malaria, msiba, kujifungua. Nnaalongo alimwamuru alifunge mara moja. Lakini sote tulikuwa tumeona. Mpaka leo najua mtu mmoja, nisiyepata kukutana naye, aliomba mkopo wa kumzika baba yake, nami sina haki yoyote ya kujua hilo.

Wala ofisi ile haikuwa ya pekee duniani. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kazi ambayo haikuhitaji maabara kubwa: walikuwa wamenunua diski 158 zilizotumika, kutoka kwa wauzaji wa kawaida, kisha wakatazama ndani. Katika diski 129 zilizoweza kusomeka, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta nambari za kadi za benki zaidi ya 5,000, taarifa za matibabu na barua za mapenzi. Tangu wakati huo diski zimekuwa kubwa zaidi, na biashara ya mitumba imepanuka hata kutufikia sisi, wanunuzi wa mwisho wa kompyuta zilizochoka kwingine. Sisi tunajua kupokea. Siku ile kwenye benchi tulikuwa tunajifunza kuachilia.

Basi tukauliza: ndani ya diski yetu mna nini hasa? Nnaalongo alitaja kimoja baada ya kingine. Mlikuwa na rejesta ya wanafunzi wote tangu 2016: jina, mwaka wa kuzaliwa, nambari ya simu, mtaa, lugha ya nyumbani, sababu ya kujifunza Kiswahili. Mlikuwa na picha za vitambulisho vya wanafunzi wa miaka miwili, kwa sababu mfadhili mmoja wa wakati huo alizidai kama sharti la kutununulia vitabu. Vitambulisho vingine vilikuwa vya taifa, vingine vya ukimbizi. Wengi mnajua kwamba Makindye, Katwe na Nsambya ni makazi ya ndugu zetu wengi waliotoka Kongo. Na mlikuwa na insha. Kila mwanafunzi wa hatua ya pili huandika insha iitwayo "Safari Yangu", kwa zoezi la wakati uliopita, na wengi huiandika wenyewe kwenye kompyuta ile ile, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja.

Aliposema "insha" hakuna aliyezungumza tena habari za benki.

Hapa niseme neno kuhusu sheria, maana wengi hudhani mambo ya taarifa za watu ni adabu tu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu, ya nyumba yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 imeingia ndani zaidi. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu apate ridhaa yao, asiziweke kwa muda unaozidi haja, na azitunze zisiwafikie wasiohusika. Inasema pia kwamba kuziharibu kufanywe kwa namna isiyowezesha kuziunda upya zikasomeka. Sentensi hiyo ya mwisho niliwasomea wanakamati mara mbili, kwa kuwa ndiyo inayotofautisha kufuta na kufomati kwa dakika moja. Majirani zetu nao wana sheria zao: Kenya tangu 2019, Rwanda tangu 2021, Tanzania tangu 2022. Hakuna mahali katika sheria yetu paliposema kwamba darasa la jioni lenye kompyuta moja limesamehewa kwa udogo wake.

Mwekahazina, ambaye ni mtu wa haki, aliomba jambo moja tu liandikwe: kwamba gharama ya kuchelewa ijulikane. Liliandikwa.

Tuliamua kwamba kabla ya mfumo kunakiliwa tuchague kwanza cha kwenda nacho, na kwamba yale yaliyoandikwa na watu, wenyewe waulizwe. Fundi hakupendezwa. Kwa desturi ya kazi yake, hunakiliwa kwanza, kisha mwenye mali hufuta baadaye asichokitaka. Nilimweleza kwa nini nataka kinyume chake, naye, baada ya kufikiri kidogo, alinieleza sababu nyingine iliyo bora kuliko yangu. Programu anayoitumia ni Clonezilla, iliyotengenezwa Taiwan na kutolewa bure. Katika hali ya kawaida haichukui diski nzima kama picha. Hunakili zile sehemu tu ambazo mfumo unasema zinatumika. Maana yake ni kwamba faili lililofutwa kabla ya kunakili, ingawa mabaki yake yangalimo katika diski ya zamani, halivuki kwenda katika SSD. Likifutwa baada ya kunakili, litakuwa limelala katika diski zote mbili. Tena SSD ina tabia yake: ili vijumba vyake visichakae upande mmoja, huhamishahamisha maandishi mahali pengi ndani kwa ndani, kwa hiyo ukitaka kuandika juu ya faili moja ili ulizime kabisa, huwezi kuwa na hakika kwamba umeandika pale pale lilipokuwa. Katika diski ya sahani waweza kulenga. Katika SSD unalenga kivuli. "Kwa hiyo Mwalimu," akamaliza, "wewe chagua kwanza. Mimi nitangoja."

Nnaalongo alichukua simu, nami nikachukua simu, tukaanza kupiga. Baadhi ya nambari zilikuwa zimekwisha kugeuka za watu wengine. Wengi tuliowapata walicheka. Kijana mmoja, sasa dereva wa malori ya kwenda Mombasa, alitaka insha yake ibaki na isomwe darasani kila mwaka, jina lake likiwemo. Mwingine alisahau kabisa kwamba aliwahi kuandika. Wa tatu alikasirika tulipomkumbusha kwamba picha ya kitambulisho chake tunayo, akauliza tulikuwa tunangoja nini. Swali la haki. Vitambulisho vyote tulivifuta siku ile ile bila kumngoja mtu. Haja ya kuwa navyo ilikwisha siku vitabu vilipofika.

Mama mmoja hakujibu simu. Alikuja mwenyewe, jioni, kabla ya darasa, akabaki amesimama mlangoni. Alitoka Kivu Kaskazini, na Kiswahili chake ni kile cha huko, chepesi na chenye kasi, ambacho nimewakataza mara nyingi kukicheka.

"Mwalimu, ile maandiko yangu iko bado mule ndani ya mashini?"

Nikamwambia yamo.

"Na mtu akiuza mashini?"

Insha yake niliikumbuka vizuri. Nilikuwa nimeisahihisha mimi. Katika kurasa mbili alieleza usiku aliotoka kijijini kwake, na kwa kuwa nilikuwa nimewafundisha kwamba masimulizi mazuri hutaja mahali na watu, alikuwa ametaja kijiji, na alikuwa ametaja wanaume watatu kwa majina, kwa sababu aliwajua tangu utotoni. Maandishi kama hayo yakisomwa na mteja asiyejulikana wa kibanda cha mjini huenda yasimaanishe chochote. Huenda pia yakasomwa na shemeji wa mmoja wao, maana Kampala ni jiji kubwa lakini watu wa kijiji kimoja hukutana katika mtaa mmoja.

Sikumshauri. Nilimwuliza anataka nini, naye alikuwa tayari na jibu. Hakutaka yapotee. Alitaka ayashike yeye. Tulimchapishia kurasa zile mbili, akazisoma zote akiwa amesimama, akanionyesha kosa moja la upatanisho wa ngeli ambalo sikuliona mwanzo, akazikunja na kuzitia ndani ya kitambaa. Kisha akanitazama nikifuta faili.

"Imeisha?"

"Bado, Mama," nikamwambia, nikamweleza habari ya kitabu na ukurasa uliochanwa. Akasema siku ya kumaliza tumwite.

Kunakili kwenyewe ni jambo fupi, na nitalisimulia kwa ufupi. Mfumo wetu ni Ubuntu, ambao hutolewa bure. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2004, likiongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo wanafunzi wa hapa hawalihitaji kutafsiriwa: ni utu kwa Kiswahili, na kwa Luganda tunasema obuntu. Kwa kuwa diski ya zamani ilikuwa ya GB 500 na mpya ya GB 240, fundi alilazimika kwanza kuipunguza ile sehemu iliyobeba mfumo ili ienee. Mguu mkubwa hauingii kiatu kidogo, hata kama nyama yenyewe ni chache. Kazi hiyo haifanyiki mfumo ukiwa macho, kwa hiyo aliiwasha kompyuta kwa flashi. Kisha akanakili, na baada ya dakika kama arobaini akazima, akachomoa kebo ya diski ya zamani kabla ya kuwasha tena. Nilimwuliza kwa nini asiwashe zote mbili. Akasema nakala huchukua hata alama ya utambulisho ya ile ya kwanza. Kompyuta ikikuta diski mbili zenye alama moja yaweza kuamkia ile ya zamani, nawe ukadhani umehama kumbe hujatoka. Iliwaka kwa sekunde ishirini na kitu. Wanafunzi walipiga makofi, na mwekahazina alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Siku ya kuifuta ilikuwa Jumamosi. Mama alikuja na mjukuu wake. Fundi alichomoa SSD kwanza akaiweka kando, kwa sababu amri ya kufuta diski nzima haiulizi mara mbili, na ukikosea herufi moja utaiua iliyo hai. Kisha akairudisha ile ya zamani peke yake, akaamuru iandikwe sifuri tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Zamani watu walifundishwa kurudia mara saba, hata mara thelathini na tano. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa kusafisha vifaa vya kuhifadhia taarifa, inaeleza kwamba kwa diski za sumaku kuandika juu yake mara moja hutosha kwa kawaida. Mara moja ilikadiriwa kuchukua saa moja na nusu.

Umeme ulikatika ilipofika nusu. Kioo kikawa cheusi, ukumbi ukawa kimya, na feni ikaendelea kuzunguka polepole mpaka ikasimama. Fundi alisema itabidi kuanza upya. Nilimgeukia Mama nikamwambia anaweza kwenda, tutamjulisha kwa simu. Alijibu kwamba amekwisha kungoja mambo marefu kuliko hili. Tulikula mahindi ya kuchoma. Mjukuu alilala juu ya madawati mawili. Umeme ulirudi saa kumi, na saa kumi na mbili kasoro robo kazi ilikuwa imekwisha. Fundi, bila kuombwa, aliendesha programu ya kufufua mafaili, kisha akamgeuzia Mama kioo. Orodha ilikuwa tupu. Alisogea karibu, akaitazama kwa muda ambao ungemtosha kusoma ukurasa mzima.

Diski hiyo fundi aliichukua, na bei tuliyopewa ikawa laki moja, si elfu themanini, kwa kuwa siku zake nazo zilikuwa zimeliwa. Naona ni haki. Mteja wake atakayeinunua atapata diski tupu kwelikweli, na atakuwa mmoja katika wachache.

Mambo mawili yalibaki. La kwanza lilikuwa flashi ya Nnaalongo, ambayo kwa miaka mingi ilibeba nakala rudufu ya rejesta na vitambulisho, ikining'inia pamoja na funguo za nyumba yake. Flashi nayo, kama SSD, haina sahani ya kulenga. Nnaalongo hakutaka maelezo marefu. Aliifunua ganda, akaiweka juu ya jiwe, akamwomba fundi nyundo, akahakikisha kwamba kile kipande cheusi cha ndani, chenye kumbukumbu yenyewe, kimevunjika vipande vipande. Rejesta mpya ina safu tatu badala ya saba.

La pili ni zito. Picha za vitambulisho, kikiwemo cha Mama yule, zilitumwa kwa mfadhili kwa barua pepe miaka hiyo, na nakala iliyo kwa mtu mwingine haifikiwi na nyundo wala sifuri. Tumemwandikia barua ya kuomba mambo mawili: atuambie kama zingaliko, na kama zipo, aziharibu na kututhibitishia kwa maandishi. Jibu la kwanza lilikuja upesi, likisema aliyezishughulikia ameacha kazi na kwamba jambo linafuatiliwa. Tumeandika mara ya pili. Nakala ya barua hiyo, majina yakiwa yameondolewa, imebandikwa ukutani darasani, na wanafunzi wa hatua ya pili wanaitumia katika somo la uandishi wa barua rasmi. Wiki iliyopita walipendekeza tuondoe neno "tunaomba" katika aya ya tatu, tuweke "tunataka". Itakwenda Jumatatu.